Tony Brooks, daktari wa meno aliyeshinda Grand Prix: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wapenzi wa langalanga wanaolijua jina la Stirling Moss ni wengi. Wanaolijua jina la Tony Brooks ni wachache, ingawa wawili hao waliendesha timu moja, gari la aina moja, na katika njia fulani za mbio zilizo ngumu kuliko zote Brooks ndiye aliyekuwa mbele. Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo watu huuliza wanapokutana naye kwa mara ya kwanza, mara nyingi baada ya kusoma tu kwamba "alikosa ubingwa wa dunia mwaka 1959 kwa sababu alisimama". Habari hiyo inahitaji kuelezwa vizuri, na sehemu kubwa ya majibu haya inaelekea huko.

Tony Brooks alikuwa nani?

Jina lake kamili ni Charles Anthony Standish Brooks. Alizaliwa tarehe 25 Februari 1932 huko Dukinfield, mji mdogo wa viwanda karibu na Manchester, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa daktari wa meno, na kijana naye akafuata njia hiyo, akasomea udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Manchester. Mbio zilianza kama jambo la mwisho wa wiki tu. Kati ya 1956 na 1961 alianza mbio 38 za ubingwa wa dunia, akashinda sita, moja kati ya hizo kwa kugawana gari na Moss. Alifariki tarehe 3 Mei 2022 akiwa na miaka 90, na hadi siku hiyo ndiye aliyekuwa mshindi pekee wa Grand Prix za miaka ya 1950 aliyebaki hai.

Uingereza ilikuwa na hali gani katika mbio za magari baada ya Vita vya Pili?

Ilikuwa na madereva wengi na magari machache ya maana. Brooklands, njia yao kongwe, ilifungwa vita vilipoanza mwaka 1939 na haikufunguliwa tena kwa mbio. Petroli ya raia ilitolewa kwa mgawo hadi 1950. Kilichobaki kwa wingi ni viwanja vya ndege vya kijeshi visivyo na kazi, na humo ndimo mchezo ulipozaliwa upya: Silverstone ilikuwa kambi ya ndege za kivita, Goodwood vilevile. Ubingwa wa dunia wa madereva ulianza Silverstone tarehe 13 Mei 1950, lakini wenyeji walikuwa watazamaji tu katika mengi ya yaliyofuata. Alfa Romeo, kisha Ferrari, kisha Mercedes-Benz ya Wajerumani, ndio waliogawana vikombe. Mwingereza aliyetaka kushinda alilazimika kwenda kuomba kiti Italia, kama Mike Hawthorn alivyofanya.

Ukitaka kuelewa uzito wa alichofanya Brooks mwaka 1955, hali hiyo ndiyo ya kuikumbuka.

Alianzaje?

Mwaka 1952, akiwa mwanafunzi, aliingia mashindano ya klabu na gari aina ya Healey Silverstone. Baadaye akapewa Frazer Nash na mtu aliyeona kipaji chake. Hakuwa na fedha za kujinunulia magari ya mbio na hakuwa na haraka ya kuacha shule. Mwaka 1955 Aston Martin walimchukua katika timu yao ya magari ya michezo, na Le Mans yake ya kwanza, mbio ya saa 24 nchini Ufaransa, ikawa ile ya Juni 1955, siku ambayo Mercedes ya Pierre Levegh iliruka ikaangukia watu na kuua watazamaji zaidi ya 80. Mtu aliyeanza kwa siku kama hiyo hakuhitaji kuambiwa na yeyote kwamba mchezo huu unaua.

Syracuse 1955 ilikuwa nini, na kwa nini inatajwa sana?

Oktoba 1955 kampuni ndogo ya Connaught, yenye mifuko mitupu, ilialikwa kwenye Grand Prix ya Syracuse kisiwani Sicily. Haikuwa mbio ya pointi za ubingwa wa dunia, ila Maserati walileta timu yao ya kiwanda na hakuna aliyedhani kuna mjadala. Connaught walitafuta dereva wa kuendesha gari lao la pili. Madereva wenye majina hawakupatikana. Wakampigia simu Brooks, ambaye hakuwa amewahi kuendesha gari la Formula 1 hata siku moja.

Alisafiri kwa ndege akiwa na vitabu vyake vya meno, kwa sababu mitihani ilikuwa karibu. Magari yalikuja kwa barabara kutoka Uingereza hadi chini kabisa ya Italia, yakachelewa, na siku ya kwanza ya mazoezi ikapita bila wao. Brooks akakodi skuta akaizunguka njia hiyo ya kilomita tano na nusu, akaangalia kona moja baada ya nyingine na kuta za mawe zilizoizingira. Gari lilipofika alipewa mizunguko michache tu, maana timu iliogopa kulichosha kabla ya mbio.

Mbio zilikuwa mizunguko 70. Alianza taratibu, akawafikia Maserati mmoja mmoja, akampita Luigi Musso, wakapitana mara kadhaa, kisha akaondoka. Alimaliza akiwa mbele ya Musso kwa sekunde kama 50, na aliyeshika nafasi ya tatu alikuwa nyuma kwa mizunguko miwili. Tangu Henry Segrave na Sunbeam yake miaka ya 1920, hakuna Mwingereza aliyekuwa ameshinda Grand Prix akiwa na gari la Uingereza. Mwanafunzi wa meno ndiye aliyefanya hivyo, katika mbio yake ya kwanza ya daraja hilo, kisha akarudi chuoni.

Ninaliona hili kuwa jambo kubwa kuliko baadhi ya ushindi wake wa pointi. Waingereza waliotengeneza magari miaka ile walikuwa wameanza kuamini kwamba Waitaliano wana siri fulani. Baada ya Syracuse haikuwezekana tena kuamini hivyo.

Ni kweli alipata ajali mbili kubwa?

Ndiyo, na bila kuzielewa hizo mbili huwezi kumwelewa yeye.

Ya kwanza ni Silverstone, Julai 1956. Alikuwa amejiunga na BRM, timu ya Kiingereza iliyoahidi mengi kwa miaka na kutoa machache. Gari lao jipya lilikuwa na kasi lakini tabia yake barabarani ilikuwa mbaya. Kwenye Grand Prix ya Uingereza vyuma vya kuunganisha pedali ya mafuta vilikatika. Akarudi kwa mafundi, wakavifunga, wakamrudisha njiani. Muda mfupi baadaye, katika kona ya Abbey, pedali ilinasa mafuta yakiwa wazi. Gari likapanda kingo, likapinduka, likamrusha nje, likateketea kwa moto. Brooks akavunjika taya. Baadaye alikuwa akisema kwamba kujichoma moto ndilo jambo jema pekee lililofanywa na gari lile.

Ya pili ni Le Mans, Juni 1957, akiwa na Aston Martin DBR1. Giaboksi ilinasa kwenye gia ya nne. Tatizo hilo alikuwa analijua na aliwahi kulitatua kabla, kwa hiyo akawa anahangaika na mkono wa gia huku anaendesha. Akaangalia chini sekunde moja zaidi ya inavyofaa, na kona ya Tertre Rouge ikafika. Gari likapanda mchanga na kumlalia. Porsche ya Umberto Maglioli iliyokuwa ikija nyuma ikaligonga gari hilo na kulisukuma pembeni, na hivyo ndivyo alivyotoka chini yake. Alikuwa na majeraha makubwa, likiwemo tundu pajani.

Alipokuwa kitandani alijiuliza ajali hizo mbili zinafanana wapi, akapata jibu: mara zote mbili aliendelea kwenda mbio na gari alilojua kwamba lina kasoro. Brooks alikuwa Mkatoliki wa imani ya dhati. Kwake uhai ni amana ya Mungu, na kuuhatarisha bila sababu ya msingi ni kosa. Akaweka nadhiri kwamba hatalazimisha tena gari bovu. Aliendelea kwenda kasi kama mwanzo, kwa kuwa hatari ya kawaida ya mbio aliikubali kwa hiari. Alichokataa ni ile ya kubahatisha chuma ambacho hukiamini.

Alipataje kushinda Aintree mwezi mmoja tu baada ya Le Mans?

Alishinda nusu, na nusu hiyo ina thamani.

Mwaka 1957 alikuwa Vanwall, timu ya Tony Vandervell, tajiri aliyetengeneza beringi za injini na aliyechoka kuona magari mekundu ya Italia yakishinda. Vandervell alikuwa miongoni mwa waliochangia mradi wa BRM, akakata tamaa na mikutano isiyoisha, akaamua kujenga la kwake. Injini yake ya silinda nne ilitokana na ujuzi wa pikipiki za Norton, chesisi ilichorwa na Colin Chapman, na umbo la bodi likatoka kwa Frank Costin. Lilikuwa gari refu, la kijani, lenye tako la mviringo. Brooks alikuwa tayari amemaliza wa pili Monaco nyuma ya Juan Manuel Fangio.

Tarehe 20 Julai, kwenye njia ya Aintree karibu na Liverpool, Brooks hakuwa na nguvu ya kumaliza mizunguko 90. Wakapatana kabla ya mbio: akae nafasi nzuri, na gari la Moss likileta matatizo ampe lake. Kanuni za wakati huo ziliruhusu. Moss aliongoza hadi injini yake ikaanza kukohoa. Brooks akaitwa, akainuliwa kutoka kwenye kiti kwa sababu paja lilikuwa bado linauma, na Moss akaingia. Alirudi njiani akiwa wa tisa. Akaanza kuwafuata mmoja baada ya mwingine. Jean Behra, aliyekuwa akiongoza na Maserati, klachi yake ikapasuka vipande, na Hawthorn akapata pancha hapohapo. Moss akampita Stuart Lewis-Evans, Vanwall nyingine, akashinda.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa gari la Uingereza kushinda mbio ya ubingwa wa dunia. Pointi nane za ushindi wakagawana, nne kwa nne. Picha nyingi zinamwonyesha Moss na shada la maua. Angekuwa hana gari zima la kuingia kama mgonjwa yule asingeliweka karibu na wa mbele kwa mizunguko 26.

Mwaka gani ulikuwa bora kwake?

1958, kwangu mimi bila shaka. Alishinda mara tatu: Spa, Nürburgring na Monza. Ukimuuliza dereva wa zamani ataje njia tatu za Ulaya zilizotenganisha wanaume na wavulana, kuna uwezekano mkubwa atakutajia hizohizo.

Spa-Francorchamps ya wakati huo ilikuwa kilomita 14 za barabara za kawaida kati ya nyumba, miti na nguzo za simu, na kona nyingi zilipitwa bila kukanyaga breki. Brooks alishinda kwa wastani wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Mwisho wake ulikuwa wa ajabu. Giaboksi yake ilikuwa inakufa alipofika mstari. Hawthorn, wa pili, injini ilimpasukia akiwa anaufikia mstari huohuo. Lewis-Evans, wa tatu, alifika gurudumu la mbele likiwa limeachia. Mzunguko mmoja zaidi na ushindi ungekwenda kwa Cliff Allison na Lotus ndogo, aliyekuwa wa nne na gari zima.

Nürburgring ni kilomita karibu 23 za milima na misitu. Vanwall ya Brooks, ikiwa na tangi limejaa, haikukaa vizuri barabarani mwanzoni, na Ferrari mbili za Hawthorn na Peter Collins zikamwacha. Alisubiri. Mafuta yalipopungua akaanza kuwafuata, akawapita wote wawili, akaongoza. Katika mzunguko wa 11, Collins akiwa anamkimbiza, Ferrari yake ilitoka njiani kwenye sehemu iitwayo Pflanzgarten. Collins alifariki siku hiyo, akiwa na miaka 26. Brooks alishinda kwa zaidi ya dakika tatu, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kusherehekea.

Monza ilikuwa Septemba. Alisimama kwa mafundi kwa sababu mafuta ya injini yalikuwa yanavuja, wakaangalia, wakamwambia aende. Akatoka nyuma kabisa ya viongozi, akawafikia, akampita Hawthorn mizunguko ikiwa imebaki michache. Ushindi wa Uingereza ndani ya Italia.

Kama alishinda mbio tatu, kwa nini Hawthorn ndiye aliyekuwa bingwa wa 1958?

Hawthorn alishinda mbio moja tu mwaka huo, ila alimaliza wa pili mara tano, na pointi zilihesabiwa hivyo. Alipata 42, Moss 41 akiwa na ushindi mara nne. Brooks alikuwa wa tatu na 24, kwa sababu siku ambazo hakushinda gari lake kwa kawaida liliharibika. Vanwall walichukua ubingwa wa kwanza kabisa wa watengenezaji.

Je, aliwahi kushindana Afrika?

Ndiyo, na ilikuwa mbio ya kuamua ubingwa. Grand Prix ya Morocco ilifanyika tarehe 19 Oktoba 1958 Ain-Diab, Casablanca, kwenye njia ya kilomita saba na nusu iliyotumia barabara za pwani ya Atlantiki. Ndiyo pekee iliyowahi kuhesabiwa kwenye ubingwa wa dunia nchini humo. Moss alishinda, Hawthorn akawa wa pili na kuchukua taji. Injini ya Brooks ilikufa kabla ya nusu ya mwisho kuanza vizuri.

Lakini watu wa Vanwall waliikumbuka kwa jambo jingine. Injini ya Lewis-Evans ilinasa, gari likatoka njiani na kushika moto. Vandervell alimrudisha Uingereza kwa ndege ya kukodi, na siku sita baada ya ajali Lewis-Evans akafariki. Vandervell, ambaye afya yake ilikuwa tayari imedhoofika, aliiondoa timu Januari 1959. Mwezi huohuo Hawthorn, bingwa aliyestaafu, alikufa katika ajali ya barabara ya kawaida karibu na Guildford. Musso alikuwa ameshakufa Reims mwezi Julai. Ndani ya miezi saba mchezo ulikuwa umezika watu wanne ambao Brooks alikuwa akiwasalimia kila wiki.

Kwa nini alikwenda Ferrari?

Vanwall haikuwepo tena, na Ferrari ilikuwa imepoteza madereva wake wote watatu wakubwa. Enzo Ferrari alimhitaji. Brooks pia alikuwa ameoa mwaka 1958, na mkewe Pina alikuwa Mwitaliano, hivyo Maranello, makao ya Ferrari, haikuwa ugenini. Mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba alitendewa vizuri huko.

Gari lilikuwa Dino 246, lenye injini mbele, na huo ndio uliokuwa udhaifu wake. Cooper, kigari chepesi chenye injini nyuma ya dereva, kilikuwa kimeanza kuyafanya magari ya mtindo wa Ferrari yazeeke. Kwenye kona nyingi Brooks hakuwa na cha kufanya. Kwenye njia ndefu za kukimbia alikuwa na nguvu za farasi.

Alishinda wapi mwaka 1959?

Reims, Ufaransa, Julai, katika joto lililoyeyusha lami hadi mawe yakawa yanarushwa usoni mwa madereva. Kisha AVUS, Berlin, Agosti: barabara mbili kuu zilizounganishwa, na upande mmoja ukuta wa matofali ulioinama kama kuta za kisima, bila kingo ya kukuzuia usiruke juu. Mbio ziligawanywa sehemu mbili za mizunguko 30. Alishinda zote mbili, kwa wastani wa kama kilomita 230 kwa saa. Siku moja kabla yake Behra alikuwa ameruka juu ya ukuta huohuo na Porsche, akafa.

Alikosa nafasi mbili kubwa bila kosa lake. Migomo ya mafundi wa vyuma Italia iliifanya Ferrari isiende Grand Prix ya Uingereza. Na Monza klachi yake iliungua papo hapo mbio zilipoanza, kwenye njia ambayo gari lake lingetamba.

Ni nini hasa kilitokea Sebring?

Mbio ya mwisho, tarehe 12 Desemba 1959, ilifanyika Sebring, Florida, Grand Prix ya kwanza ya Marekani katika Formula 1. Watatu walikuwa bado na nafasi: Jack Brabham wa Cooper akiwa na pointi 31, Moss 25.5, Brooks 23. Ushindi ulikuwa na pointi nane, na mzunguko wa kasi kuliko yote ulikuwa na pointi moja. Brooks alihitaji zote tisa ili afike 32, na Brabham asimalize ndani ya wawili wa kwanza.

Katika mzunguko wa kwanza, Wolfgang von Trips, mwenzake wa Ferrari, alimgonga kwa nyuma. Gari liliendelea kutembea. Hakuna kilichoonekana kuvunjika. Brooks akaingia kwa mafundi na kuomba gari likaguliwe. Lilikuwa zima. Dakika kama mbili zikapotea. Akarudi, akapanda hadi nafasi ya tatu.

Mbele mambo yakaharibika kwa wengine. Moss aliachwa na giaboksi mapema. Brabham aliishiwa petroli mzunguko wa mwisho akaisukuma Cooper yake kwa mikono hadi kwenye mstari, akawa wa nne. Bruce McLaren, miaka 22, akashinda. Katika ubingwa: Brabham bingwa, 31. Brooks wa pili, 27.

Kwa hiyo ni kweli alipoteza ubingwa kwa kusimama?

Watu wengi wanasema hivyo, na hesabu haiwasaidii. Brooks alimaliza dakika tatu nyuma ya McLaren. Ukimrudishia zile dakika mbili za ukaguzi, bado yuko nyuma. Unaweza kusema angeendesha kwa ari zaidi kama angekuwa karibu na wa mbele, na hiyo ni hoja ya haki. Lakini bado alihitaji pia mzunguko wa kasi kuliko wote, na Dino haikuwa gari la kasi kuliko yote Sebring. Nafasi ilikuwepo. Uhakika haukuwepo.

Ila nadhani wanaohesabu sekunde wanakosa jambo lenyewe. Mtu aliyevunjika taya kwa gari lililofungwa harakaharaka, akalaliwa na jingine kwa sababu ya giaboksi mbovu, akaweka nadhiri mbele ya Mungu wake, sasa amegongwa kwa nyuma katika mbio inayobeba ubingwa wa dunia. Nadhiri inayoshikwa pale tu ambapo haina gharama si nadhiri. Brooks alikiri waziwazi kwamba kila kiungo cha mwili wake kilitaka kuendelea na kwamba kuingia kwa mafundi kulikuwa mojawapo ya maamuzi magumu maishani mwake. Hakuwahi kusema anajuta. Mimi naamini alifanya jambo la kijasiri zaidi siku ile kuliko yeyote aliyekuwa njiani, na linastahili kuandikwa pamoja na ushindi wake, si chini ya orodha ya makosa.

Alikuwa akiendeshaje?

Kwa utulivu. Mikono haikuhangaika, gari liliteleza kwa magurudumu yote manne kwa pamoja katika kona ndefu, na mtazamaji aliona kama haendi kasi mpaka aangalie saa. Ndiyo maana njia za kona ndefu na za kasi zilimpenda. Alitumia gari kwa huruma pia: breki na tairi zilifika mwisho zikiwa na uhai. Nürburgring alishinda pia kilomita 1000 za mwaka 1957 na Aston Martin, akishirikiana na Noel Cunningham-Reid.

Kwa nini basi hajulikani kama Moss?

Moss alikuwa mtaalamu wa kulipwa wa kwanza wa kweli miongoni mwao. Alishindana karibu kila wikiendi, katika kila aina ya gari, na alijua kuzungumza na magazeti. Brooks alishindana mara chache, hakutafuta waandishi, na jioni hakuonekana kwenye sherehe za kina Hawthorn. Hakuwa na taji, na vitabu vya historia hupenda mataji. Moss mwenyewe alimpa heshima kuliko waandishi walivyofanya: alisema kwamba kama angekuwa na timu na kuruhusiwa kuchagua madereva wawili, angewachukua Jim Clark na Tony Brooks.

Miaka yake ya mwisho ilikuwaje?

Haikuwa mizuri. Mwaka 1960 alitaka kuishi karibu na familia na biashara yake Uingereza, akaendesha Cooper ya timu ya Yeoman Credit. Matokeo bora yalikuwa nafasi ya nne Monaco. 1961 alirudi BRM pamoja na Graham Hill, wakati timu ikisubiri injini yake mpya. Aliweka mzunguko wa kasi kuliko wote Aintree, akamaliza wa tatu Watkins Glen mwezi Oktoba, na hiyo ikawa ya mwisho. Alistaafu akiwa na miaka 29.

Baada ya hapo alirudi kwenye meno?

Hapana. Alijenga gereji na biashara ya magari huko Weybridge, Surrey, jirani na Brooklands ya zamani, na ndiyo iliyomlea yeye na familia yake kwa miaka mingi.

Mbona vyanzo vingine vinasema ushindi tano na vingine sita?

Inategemea kama unahesabu Aintree 1957. Rekodi rasmi zinawapa ushindi huo wote wawili, Brooks na Moss, hivyo jumla ni sita: Aintree 1957, Spa, Nürburgring na Monza 1958, Reims na AVUS 1959. Syracuse 1955 haimo katika orodha hiyo kwa sababu haikuwa ya ubingwa wa dunia, kwa hiyo ukiikuta imetajwa kama "ushindi wake wa kwanza wa Grand Prix", ni sahihi pia; ni hesabu nyingine tu.